Kiingilio cha Giardini Pubblici, Milano

Je, unalipa kuingia Giardini Pubblici, pale eneo la Porta Venezia mjini Milano? Hapana, hulipi chochote. Ni bustani ya umma tangu miaka ya 1780, kazi ya msanifu Piermarini. Tiketi unayoweza kuiona mtandaoni ni ya Makumbusho ya Historia ya Asili yaliyo humo ndani, na hayo hufungwa Jumatatu. Panda metro ya M1, ile nyekundu, ushuke kituo cha Palestro. Ukitoka tu juu umefika. Usiku mageti hufungwa, na saa hubadilika kwa msimu, kwa hiyo soma kibao getini. Angalizo: bustani ya jumba la Villa Reale, ng'ambo ya barabara ya Via Palestro, nayo ni bure, ila mtu mzima haruhusiwi bila kuongozana na mtoto.