Ukitaka kuzipenda nyimbo za jukwaani, usianze na wimbo mmoja

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yeye yuko Morogoro, alinitumia klipu ya TikTok saa tano usiku, kuna dada anaimba On My Own na piano peke yake, wimbo wa Les Misérables, moja ya ile michezo ya jukwaani ambayo hadithi inasimuliwa kwa kuimba, musical kwa Kiingereza, halafu chini kaandika "dada shikamoo, huu wimbo unaniliza ila sijui huyu analilia nini". Nikampigia palepale. Nikamwambia marahaba mdogo wangu, hapo umechungulia dirishani tu, mlango uko upande wa pili, huo wimbo ukiusikia mahali pake, baada ya saa moja na zaidi ya mambo yaliyowapata watu mle ndani, utashika kiti. Tukaongea mpaka bando lake likaisha. Mengi niliyomwambia nimeona niyaandike hapa maana si yeye wa kwanza kuniuliza, watu wananiona naweka hizi nyimbo stetasi kila siku wanasema na mimi nataka, nianzie wapi.

Mi nilianzia kibanda umiza. Nilikuwa na miaka tisa, mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha video cha makuti na viti vya mbao, na siku wakiweka Sarafina! hata mama zetu walikuwa wanakuja wanasimama nyuma na watoto mgongoni. Tukitoka pale tunaimba njia nzima, Kizulu hatukijui hata neno moja lakini midomo inakwenda, na kila mtoto alikuwa anajua hapa ni pale wanafunzi wanacheza uwanjani, hapa ni pale mambo yameshaharibika. Nilikuja kujua ukubwani kwamba kabla ya ile filamu ya 1992 ilikuwa ni mchezo wa jukwaani, kautunga Mbongeni Ngema pamoja na muziki wa Hugh Masekela, ukafunguliwa Market Theatre Johannesburg mwaka 1987 makaburu bado wako madarakani, na mwaka uliofuata ukawa uko Broadway, kwenye zile kumbi kubwa za maigizo za New York, na yule Leleti Khumalo tuliyemjua kwenye filamu ndiye aliyekuwa Sarafina tangu kule jukwaani. Yaani habari ya watoto wa shule wa Soweto walioandamana 1976 iliimbwa New York wakati Mandela bado yuko gerezani. Nikiifikiria hiyo huwa nakaa kimya kidogo.

Sasa ninachotaka kusema ni hiki, pale kibandani hakuna mtu aliyetuambia wimbo mzuri ni upi. Tuliangalia mwanzo mpaka mwisho, na kila wimbo ukatukalia kichwani pamoja na mwenyewe, nani anaimba, anamwimbia nani, kimetokea nini hata akashindwa kuongea kawaida. Bibi yangu alikuwa mtu wa taarabu na yeye angenielewa haraka sana, maana kwenye taarabu mtu anayenyanyuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji ubeti ule ule, si ubeti mwingine, ana mtu wake kakaa meza ya tatu na ujumbe umefika. Ukiondoa yule wa meza ya tatu unabaki na sauti nzuri tu. Hizi nyimbo za jukwaani ziko hivyohivyo kabisa, yule wa meza ya tatu yumo ndani ya hadithi, na ukisikiliza wimbo mmoja mmoja hutamwona.

Kwa hiyo chagua mchezo mmoja tu, tafuta albamu ya waigizaji, ile iliyorekodiwa na watu wa jukwaani wenyewe, soma kwanza kisa chake kwa ufupi, ukurasa mmoja unatosha, halafu uusikilize kwa mfuatano bila kuruka. Usichanganye nyimbo, zima kile kitufe cha kuchanganya. Kama albamu nzima kwa mara moja ni ndefu kata kati, sehemu ya kwanza leo, ya pili kesho, hata ukumbini kwenyewe kuna mapumziko. Mi nilikuwa nasikiliza nikienda shifti ya usiku, nalea wazee huku London, basi la kwenda linanichukua dakika 50, sehemu ya kwanza inaisha nafika, ya pili narudi nayo asubuhi.

Na wa kwanza niliousikiliza hivyo ni Les Misérables, ndiyo huo wenye On My Own, na hapa mniruhusu nikae kidogo maana ndipo nilipofundishwa kusikiliza. Kuna mama anaitwa Fantine, kafukuzwa kiwandani, kauza nywele, kauza kila kitu kwa ajili ya mtoto wake, na anapokufa kitandani anamwimbia yule mtoto ambaye hata hayupo chumbani, anamwona kwa homa tu. Melodi yake laini, inapanda inashuka kama mtu anabembeleza mtoto. Miaka inapita kwenye hadithi, sehemu ya pili imeanza, anatokea binti mwingine kabisa, Éponine, usiku, barabarani, anampenda kijana ambaye hamwoni, anaanza kuimba, na ni melodi ileile! Maneno mengine, mtu mwingine, ila melodi ni ya yule mama anayekufa. Mara ya kwanza sikugundua kwa kichwa, nilisikia mwili umesisimka nikiwa kwenye basi, nikarudisha nyuma nikasikiliza tena, nikarudi kwa Fantine, nikarudi tena huku. Wote wawili wanamwimbia mtu ambaye hayupo. Mtunzi, Claude-Michel Schönberg, hakuweka mtu wa kutuambia hivyo kwa maneno, kaiacha melodi ituambie. Halafu mwishoni kabisa yule mzee Jean Valjean anapokufa wanakuja Fantine na Éponine pamoja kumchukua na melodi ile inarudi mara ya tatu. Ndio maana kwenye filamu ya 2012 nililia kwingine kote lakini pale kitandani niliumia kwa sababu nyingine, Éponine hayupo, kuna askofu badala yake, na kwangu mimi pale pamepungua mtu.

Kuna nyingine tena ambayo ni nzito zaidi. Mwanzoni Valjean ametoka jela, kaiba vyombo vya fedha vya askofu, kakamatwa, askofu badala ya kumshtaki anamwambia polisi nilimpa mwenyewe na anamwongezea vinara vya mishumaa. Valjean anabaki peke yake na ule wema, hajui aufanye nini, anaimba kama mtu anayepasuka, na mwisho anachana karatasi za jela na kuamua kuwa mtu mpya. Saa mbili baadaye askari Javert, aliyemwinda maisha yake yote, anasamehewa na Valjean huyohuyo, naye anabaki peke yake na wema asioweza kuubeba, na anaimba muziki uleule, karibu noti kwa noti. Ila huyu anajirusha mtoni. Huruma ileile, muziki uleule, mmoja kapona mwingine imemuua. Mahubiri nimesikia mengi tangu utotoni na mengine yalikuwa mazuri sana, lakini hakuna lililoniingia kuhusu msamaha kama hilo. Sasa mtu aliyesikiliza wimbo mmoja kwenye orodha ya nyimbo bora 20 atalipata wapi hilo?

Kuhusu lugha msiogope. Kiingereza cha kuimbwa kina kasi na hata Waingereza wenyewe kuna mistari inawapita, we weka maneno mbele yako mara ya kwanza, mara ya pili funga. Mchezo wa Hamilton ndio unatesa zaidi, ni rapu karibu mwanzo mwisho, maneno zaidi ya 20,000, hiyo usianze nayo ila usiiache, kuna sehemu usiku wa harusi unarudishwa nyuma mbele ya macho yako na tafrija ileile unaiona sasa kwa macho ya dada wa bibi harusi, na yote uliyoshangilia dakika tano nyuma yanageuka.

Kwenye kuimba na penyewe nina la kusema maana wengi mnaniuliza mazoezi. Mi nimeimba alto kwenye kwaya miaka saba. Kwaya inakufundisha pumzi, inakufundisha kukaa kwenye noti yako, lakini pia inakufundisha sauti yako ipotee ndani ya za wenzako, mwalimu anapita na sikio akikusikia wewe tu basi umekosea. Huku ni kinyume, huku lazima nimsikie mtu mmoja mwenye shida yake. Kwa hiyo kabla hujaimba, yaseme yale maneno bila melodi, mweke mtu mbele yako, hata kiti, mwambie, na utaona penyewe pa kuvuta pumzi panajitokeza. Ile noti ya juu ya mwisho iache kwanza. Mi niliikimbilia hiyo, nikawa napiga kelele kila jioni wiki tatu mfululizo, sauti ikakauka mwezi mzima na siku ya Pasaka nikasimama kwenye mstari nafungua mdomo tu. Tafuta muziki mtupu wa wimbo wenyewe, usio na mwimbaji, wenye ufunguo wa chini, YouTube imejaa, imba chini mpaka hadithi ikae vizuri, kupanda kutakuja. Na mtu akikwambia ni nyimbo za kidunia hazina faida, mimi niliambiwa hivyo na mwalimu mmoja wa kwaya, nikamtii nikaacha miaka miwili, na hiyo miaka inaniuma mpaka leo. Wewe usiache.

Kwenda kuona. Aliyeko Nairobi awe anafuatilia Kenya National Theatre, Sarafina! imeshapanda pale ikiimbwa na Wakenya, hiyo ni bahati msiichezee. Aliyeko London au anayepita, tiketi za bei kubwa si lazima, kuna kibanda kinaitwa TKTS pale Leicester Square wanauza tiketi zilizopunguzwa bei, nyingine za siku hiyohiyo, na viti vya juu kabisa huwa ni nafuu. Les Misérables iko Sondheim Theatre, niliiona nikiwa juu karibu na dari na sikupungukiwa kitu, kwa juu unaona watu wanavyopangwa jukwaani kama chungu. Ila The Lion King pale ukumbi wa Lyceum jibane siku nyingine upate kiti cha chini karibu na njia, maana mwanzoni kabisa wanyama wanapita katikati ya watu, tembo anapita pembeni yako, na sauti ya kwanza unayoisikia ni ya mwanamke, ni Rafiki, yule nyani mganga wa kwenye hadithi, anaita kwa Kizulu. Nilikuwa nimekaa na familia ya kizungu, mtoto wao akamuuliza baba yake Rafiki maana yake nini, baba hajui. Nikamwambia maana yake mtu kama wewe na mimi sasa hivi. Akacheka, mchezo mzima akawa ananigeukia kila jina likitajwa, simba, pumbaa, shenzi, nimjibu.

La mwisho nililomwambia mdogo wangu ni la kufanya akiwa tayari, achukue wimbo mmoja anaoupenda kuliko yote autie Kiswahili. Hakuna kitu kinakuingiza ndani ya wimbo kama hicho. Les Misérables yenyewe ilianza kwa Kifaransa, Paris 1980, na Kiingereza chake cha 1985 kaandika Herbert Kretzmer, mwandishi wa gazeti aliyezaliwa Afrika Kusini, na hakutafsiri tu, nyimbo nyingine zilizaliwa hukohuko kwenye Kiingereza. Mwaka 1995 walipofanya tamasha la miaka kumi Royal Albert Hall walipanda Valjean 17 kutoka nchi mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anaimba kipande kwa lugha yake. Hiyo video nimeiangalia sijui mara ngapi. Kila mara nikifika pale nahesabu, na kila mara Kiswahili hakimo.

Basi mi nimeanza na Bring Him Home, ile dua Valjean anayomwombea kijana aliyelala kwenye kizuizi walichojenga barabarani vijana walioasi serikali, ni usiku, kesho yake wote wanajua kuna kufa. Ni noti tatu tu zinazorudi rudi na maneno matatu mafupi ya Kiingereza, na Kiswahili chetu kinapenda maneno marefu, "mlete nyumbani" ni silabi sita, haiingii. Nilihangaika nayo miezi minne, kwenye basi, jikoni, nikimgeuza bibi mmoja kitandani saa tisa usiku. "Mlete" ni silabi tatu lakini nyumbani pamepotea. Halafu siku moja nampigia mama, anamwombea kaka yangu aliyeko safarini na gari la mizigo, anasema kwa sauti yake ya kawaida tu, eh Mungu, arudi. A-ru-di. Tatu. Na nyumbani pamo humohumo, maana mtu harudi ila alikotoka. Inaishia na i, na i ikiwa juu inabana koo, inabidi uifungue kidogo kama unataka kusema e, ndiyo ninayoifanyia mazoezi sasa hivi.