Kwini mbili mkononi, mshambuliaji mezani

Mchezaji wa poka anayeongeza dau karibu kila mkono huwatia wengi hofu, hata wale wenye karata nzuri. Mimi hupenda kukaa naye meza moja, tena yeye awe kulia kwangu ili acheze kabla yangu.

Chukua mkono huu wa Texas Hold'em, poka ambayo kila mtu hushika karata mbili na karata tano za wote hufunuliwa mezani, madau ya lazima yakiwa 50 na 100. Ameongeza hadi 300, nami nina kwini ya kopa na kwini ya shupaza. Hapa usijifiche. Pandisha hadi 900. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, kwini mbili hushinda karibu mara 80 kati ya 100. Wakiingia wapinzani wanne, hushuka chini ya nusu. Wafukuze wengine mbaki wawili.

Akafuata, yaani akalipa dau langu bila kuongeza. Mezani zikaja kingi ya pau, saba ya uru na mbili ya kopa. Kingi hiyo ndiyo huvunja watu moyo, lakini ukishika kwini mbili, ree au kingi hutokea kwenye karata tatu za kwanza takriban mara 41 kati ya 100. Huwezi kukimbia zote hizo. Akaweka 1,000, nikafuata tu. Wapo wanaoshauri uongeze ili ujue umesimama wapi, nami siafiki hata kidogo: ukiongeza, atatupa karata zake zote mbovu na kubaki na zile tu zinazokushinda. Mwache atishie kwa pesa zake.

Karata ya nne, nne ya uru: akaweka 2,400, nikafuata. Ya tano, tisa ya pau: akasukuma 4,300 zake zote zilizobaki. Katikati palikuwa na 8,750 kabla ya hapo, maana yake nilipe 4,300 kugombea 13,050. Nikiwa sahihi mara moja tu kati ya nne, sipotezi. Nami nilishamwona akifunua karata tupu baada ya dau kubwa. Nikalipa. Alikuwa na jeki na kumi za uru, bila hata jozi moja; kwini zangu zikashinda.

Dau hilohilo likitoka kwa mtu mkimya, aliyekuwa akitupa karata jioni nzima, tupa kwini zako bila kusita. Na mshambuliaji akiacha ghafla kuweka dau kwenye karata ya nne, weka wewe, kama nusu ya kilichopo katikati. Mara nyingi atalipa akiwa na jozi ndogo.