Kidhibiti cha Nyumba Kikinyamaza, Usikimbilie Kile Kitundu cha Nyuma

Umeme ukirudi Kampala, friji inaanza kunguruma, taa ya geti inawaka, halafu mtu anashika simu awashe pampu ya maji na programu inamjibu kwamba kifaa hakipatikani. Hapo wengi hutafuta pini, wanaichomeka kwenye kile kitundu kidogo nyuma ya kidhibiti, yaani kile kifaa kinachounganisha taa, sensa na pampu za nyumba na simu yako, na kuishikilia mpaka taa zimemete. Nawaomba msifanye hivyo. Kwenye vidhibiti vingi kitundu hicho hakizimi na kuwasha tu, kinafuta kila kitu: balbu zote ulizounganisha, sensa (vihisi) za milango, ratiba ya pampu, hata ufunguo wa mtandao wa Zigbee, ile redio ambayo kidhibiti huongea nayo na balbu na sensa. Utapanda ngazi balbu moja baada ya nyingine, na pengine kidhibiti chenyewe kilikuwa kizima.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza vifaa hivi majumbani, Kampala na Entebbe, na vingi ninavyoitiwa vikiwa “vimekufa” huwa havijafa. Kuna mahali mawasiliano yamekatika, na kabla ya kugusa chochote inafaa ujue ni wapi.

Anza bila simu. Bonyeza swichi isiyo na waya iliyounganishwa na kidhibiti, au pita mbele ya sensa inayowasha taa ya ukumbini. Taa ikiwaka, kidhibiti kinafanya kazi na shida iko kati yake na simu yako. Angalia kama simu iko kwenye Wi-Fi ya nyumbani au imehamia kwenye data ya laini. Angalia kama bando la ruta limeisha, kwa sababu vidhibiti vingi vya dukani hupitisha amri zake kwenye seva za nje ya nchi, na bando likiisha programu inaonyesha kifaa kimepotea ingawa kiko mita mbili kutoka ulipokaa.

Sensa nayo ikikaa kimya, nenda kwenye ruta. Ruta nyingi huchukua dakika mbili tatu kuamka baada ya umeme kurudi, wakati kidhibiti kidogo huamka haraka zaidi. Kinaomba anwani ya mtandao, hakuna wa kukijibu, na baadhi ya vifaa havirudii kuomba: vinajipa anwani inayoanza na 169.254 na kubaki peke yake. Ukiona namba hizo kwenye kifaa chochote, jua kwamba ruta haikukijibu. Zima vyote viwili, washa ruta, subiri mpaka simu yako ipate intaneti kupitia kwake, ndipo uwashe kidhibiti. Mzee mmoja wa Najjera alinipokea mlangoni akisema, “Kijana, hiki kimeungua, wameniambia ninunue kingine.” Nikamwambia, “Mzee, nipe dakika kumi kwanza.” Tuliwasha kwa mpangilio huo na pampu yake ikaitika.

Kwa nyumba ambazo umeme hukatika mara kwa mara, au Yaka, umeme wa kulipia kabla, huisha usiku watu wamelala, mpangilio huo usitegemee mkono wa mtu. Ruta ipe UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, zinapatikana kwa wingi mjini, ili isizimike kabisa. Kama hilo haliwezekani, chukua ile kinga ya friji inayosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, uchomeke kidhibiti hapo na ruta uiache kwenye soketi ya kawaida. Watu huinunua kulinda friji, lakini ndiyo dawa rahisi kuliko zote ninazozijua kwa ugonjwa huu.

Kisha kiwekee kidhibiti anwani ya kudumu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya DHCP, inayogawa anwani kwa vifaa, na ufunge anwani moja kwa kifaa hicho. Bila hivyo leo kinaweza kuwa 192.168.1.20 na kesho 192.168.1.34, na programu iliyokariri ile ya kwanza itakitafuta bure. Fanya hivi upande wa ruta, usiandike anwani ndani ya kidhibiti chenyewe. Wengi wetu hubadilisha ruta kila tunapopata bando nafuu zaidi, na baadhi ya ruta za laini ya simu hutumia 192.168.8 badala ya 192.168.1. Kidhibiti kilichoandikiwa anwani ndani yake hubaki kinasubiri wageni kwenye mtaa ambao familia imeshahama. Ukibadilisha ruta, mpe mtandao mpya jina lilelile na nywila ileile, na uhakikishe Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz imewashwa, kwa kuwa vidhibiti vingi havioni kabisa 5 GHz.

Adapta inanisumbua kuliko kitu kingine, kwa sababu inadanganya. Taa ya kifaa inawaka, kwa hiyo kila mtu anaamini umeme upo. Lakini adapta iliyochoka hutoa volti pungufu pale tu kifaa kinapoanza kufanya kazi, na kifaa kinaganda au kinajiwasha upya bila sababu unayoiona. Wanaotumia Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumba, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 wanahitaji adapta ya volti 5.1 na ampea 3. Chaja ya simu ya kubahatisha haitoshi, hata kama kichomeko kinaingia. Ikishuka chini ya takriban volti 4.63 mashine yenyewe hurekodi onyo. Na kama kidhibiti kimeletwa na ndugu kutoka Marekani, soma maandishi ya adapta kabla ya kuichomeka. Umeme wetu ni volti 240. Palipoandikwa 100-240V pana usalama, lakini iliyoandikwa 120V peke yake itaungua. Kama ni cha Z-Wave, redio nyingine ya vifaa vya nyumba, jua pia kwamba vya Marekani huongea kwenye 908.42 MHz na vya Ulaya kwenye 868.42 MHz. Ukivichanganya havitasikilizana hata ufanye nini.

Kwenye Raspberry Pi kuna jambo la kuangalia zaidi: memori kadi. Umeme ukikatika kadi ikiwa inaandikwa, mafaili huharibika. Taa nyekundu ikiwaka na ya kijani isimemete kabisa, mashine ina umeme lakini haisomi kadi. Hakuna cha kubembeleza hapo. Weka kadi mpya, au bora zaidi hamia kwenye SSD (diski ya kuhifadhia isiyo na sehemu zinazozunguka), na urudishe nakala ya akiba. Nakala hiyo ikae kwenye kompyuta au flashi, isikae ndani ya kadi ileile. Kama ukurasa wa homeassistant.local:8123 haufunguki, jaribu anwani ya namba pamoja na 8123, kwa mfano 192.168.1.20:8123, kabla ya kusema mashine imekufa, maana mara nyingine ni jina tu lisilopatikana kwenye mtandao.

Kidhibiti kikipatikana lakini balbu na sensa hazikitii, tatizo ni redio. Zigbee inaishi kwenye 2.4 GHz pamoja na Wi-Fi, na kwenye majengo ya ghorofa yenye ruta kila mlango hewa imejaa. Kisogeze kidhibiti mbali na ruta, angalau mita moja au mbili. Kama unatumia kifaa cha Zigbee cha USB, kitoe kwenye mashine kwa waya wa kurefusha, kwa sababu milango ya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Kabla ya kulaumu redio, uliza pia nani amezima balbu ukutani. Balbu ya Zigbee yenye umeme hupokeza ujumbe kwenda kwa balbu nyingine, na mtoto akizima ya korido, ya chumba cha mwisho inaweza kukosa njia. Sensa za betri zipe muda zijitafutie njia mpya, hata saa kadhaa.

Kuhusu radi sitaki kufanya mzaha. Eneo la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yanayopigwa na radi sana duniani, na radi haiji kwa waya wa umeme tu. Mvua kubwa ikikaribia, chomoa mapema adapta pamoja na waya wa mtandao. Kifaa chenye umeme mzuri, ambacho taa ya mlango wake wa mtandao haiwaki kwa waya wowote wala kwa ruta yoyote, pengine mlango huo umeungua, na hapo kununua kingine ni haki.

Mkishindwa na mkaita fundi, msibonyeze chochote kabla hajafika. Mwambieni taa zilikuwa za rangi gani na nini kilitokea muda mfupi kabla. Na pampu ya maji iwekewe swichi ya mkono ukutani, na fundi umeme anayejua kazi yake, ili nyumba iwe na maji hata kidhibiti kikiwa mezani kimefunguliwa.