Kibogoyo Naye Ana Kinywa: Tuzitunzeje Tezi za Mate za Wazee Wetu

Mzee aking'oka jino la mwisho, watu wa nyumbani huona mambo ya kinywa yamekwisha. Mswaki unatupwa, ugali unageuka uji, na daktari wa meno hatajwi tena, maana mzee ataenda kutibiwa jino gani? Mimi nimekaa na bibi yangu mzaa mama pale Tanga kwa miaka kadhaa akiwa kibogoyo, na ninachotaka kukizungumzia ni kile kinachobaki meno yakishaondoka: tezi za mate. Nazo hubadilika, na mara nyingi mabadiliko hayo ndiyo yanayomfanya mzee akisukume chakula pembeni huku ninyi mkidhani anadeka.

Bibi hakuwahi kusema kinywa chake kimekauka. Alisema uji una mchanga. "Mume wangu, unga huu mmeusaga kwa mawe?" (Wasio wa pwani wasishtuke, kwa bibi mjukuu wa kiume ndiye mume.) Mchuzi akauona hauna ladha, akawa anajiongezea chumvi kimyakimya, naye ni mtu wa presha. Usiku aliamka kunywa maji, kisha akaamka tena kuyatoa. Akisoma uradi sauti ilikatika katikati kwa sababu ulimi umenata kwenye kaakaa. Nyumba nzima tulikuwa na jibu moja: uzee.

Jibu hilo lina ukweli kidogo tu, na ningependa kila anayeuguza mzee aujue ukweli huo unaishia wapi.

Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate. Moja iko mbele ya masikio, ile inayovimba mtoto akipata matumbwitumbwi. Ya pili iko chini ya taya, na ya tatu chini ya ulimi. Kuna na vitezi vidogo mamia vilivyotapakaa kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Kwa siku mtu mzima mwenye afya hutoa kama nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate. Ukiwa umetulia tu, sehemu kubwa hutoka kwenye tezi za chini ya taya. Ukianza kutafuna, zile za mbele ya masikio ndizo hushika kazi. Miaka ikienda, sehemu ya nyama inayotengeneza mate hugeuka mafuta na makovu, na kwenye tezi za chini ya taya upungufu huo unaweza kufika theluthi au zaidi. Lakini tezi zina akiba. Mzee mwenye afya njema asiyetumia dawa yoyote, akitafuna vizuri, hutoa mate yanayomtosha. Kwa hiyo mzee akikaukiwa kinywa, usiishie kwenye umri wake.

Meno yanaingia hapa. Mzizi wa jino umeshikwa ndani ya taya na nyuzinyuzi zenye mishipa ya fahamu, nayo huhisi uzito wa kila tafuno na kupeleka habari kwenye ubongo, ubongo ukaamuru mate yatoke. Ndiyo maana ukitafunia kulia, tezi ya kulia hutoa mate zaidi. Jino likitoka, mishipa ile inaondoka nalo. Fizi zinahisi, ila si kwa kiasi kile. Halafu sisi kwa huruma tunamalizia kazi: uji asubuhi, mtori mchana, supu usiku. Panya wa maabara waliolishwa chakula cha majimaji tezi zao za mbele ya masikio zilisinyaa, na waliporudishiwa chakula kigumu zikarudi. Binadamu si panya, lakini wataalamu wanakubaliana kwamba kutafuna ndiko kunakoziamsha tezi hizi.

Hata hivyo kwa bibi mkosaji mkubwa alikuwa kwenye kikapu chake cha dawa. Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma hapa, basi fanya hili: zikusanye dawa zote anazokunywa mzee, pamoja na zile anazogawiwa na jirani na zile za dukani, uende nazo kwa daktari au mfamasia. Dawa zinazoweza kukausha mate ni mamia. Bibi alikuwa na ya kukojosha kwa ajili ya presha. Alikuwa na amitriptilini ya usiku, aliyoandikiwa kwa sababu ya miguu kuwaka moto, maana ana kisukari. Na juu ya hizo alijinunulia Piriton, akimeza kila mafua yanapomgusa na wakati mwingine ili apate usingizi tu. Kila moja peke yake ingeweza kumkausha kidogo, na zilipokutana zikamkausha kabisa. Daktari alimkataza Piriton, akapunguza kile kidonge cha usiku hatua kwa hatua, na dawa ya kukojosha akahamishia asubuhi ili bibi alale. Wiki chache baadaye mchanga kwenye uji ulikwisha. Ila tusielewane vibaya: usimwachishe mzee dawa ya presha au ya kisukari kwa uamuzi wako. Sukari yenyewe ikipanda hukausha kinywa, na kiharusi hakina mchezo.

Sasa niseme habari ya uvimbe, kwa sababu uliwahi kutukosesha usingizi. Mama mkubwa alikuwa akimsafisha bibi kinywa akaona chini ya ulimi, pande zote mbili, nyama laini ya waridi imeinuka hadi juu ya ufizi wa chini. Akapiga kelele kwamba ni saratani. Simu zikapigwa hadi Mombasa. Daktari wa kinywa na meno alivaa glavu, akaweka kidole kimoja ndani na kingine nje chini ya kidevu, akapapasa polepole, kisha akatueleza. Meno yaking'olewa, mfupa uliokuwa umeyashika huanza kuyeyuka, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza na baadaye taratibu maisha yote, na taya la chini huisha zaidi kuliko la juu. Ukingo ukishuka hivyo, tezi za chini ya ulimi zilizokuwa zimejificha nyuma yake zinaonekana, kumbe hazijavimba. Hata tezi za chini ya taya kwa wazee huning'inia ngozi ikilegea, na ukizigusa shingoni unadhani ni mitoki.

Lakini ilibidi kidole cha mtaalamu kipite, na hapo sina mjadala na mtu. Uvimbe wa kweli wa tezi za chini ya ulimi hutokea kwa nadra, na ukitokea mara nyingi huwa ni saratani. Kinachotakiwa kukuharakisha ni uvimbe wa upande mmoja tu, mgumu, usiosogea au unaokua. Mdomo au uso kulegea upande mmoja. Ganzi kwenye mdomo wa chini. Au kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 2. Uvimbe unaokuja wakati wa kula na kunywea baadaye kwa kawaida ni kijiwe kwenye mfereji wa mate. Huo una tiba yake, na wala hauna uhusiano na jicho la mtu.

Meno ya bandia yana visa vyake. La juu hushikwa na utando mwembamba wa mate kati yake na kaakaa, kama vioo viwili vilivyonatishwa na tone la maji. Mate yakikauka meno yanaanguka mzee akicheka, yanamchubua, naye anayafungia kwenye kitambaa na kuyaweka kabatini. Kabla ya kumlaumu fundi, tazameni mate kwanza. Upande wa pili, meno mapya yakivaliwa kinywa huyaona kitu kigeni na mate humwagika siku za mwanzo. Mzee akikwambia anadondokwa na udenda, mwambie avumilie, hali hiyo hutulia. Usiku yavuliwe, yasuguliwe kwa brashi na sabuni ya kawaida, yalale kwenye maji safi. Na fizi zenyewe zipanguswe kwa kitambaa laini chenye maji, ulimi pia. Fangasi hupenda sana kinywa kikavu chenye meno ya bandia, na dalili yake si lazima iwe utando mweupe, yaweza kuwa wekundu tu pale sahani ya meno inapokaa.

Pembe za midomo zikipasuka, usikimbilie kusema ana upungufu wa vitamini. Asiye na meno midomo yake hukunjamana, mate hutuama kwenye kona, na fangasi hukaa hapohapo. Kwa hiyo mzee mmoja anaweza kuwa amekauka ndani huku pembeni ameloa. Na yule mwenye ugonjwa wa kutetemeka, anayetokwa na udenda mchana kutwa, mara nyingi hana mate ya ziada: anachoshindwa ni kuyameza.

Chakula cha bibi tulikibadilisha. Uji ulibaki wa asubuhi, lakini mchana akapewa vitu vya kutafunia fizi: kiazi kitamu cha kuchemsha, samaki aliyechambuliwa miiba, papai, muhogo wa nazi ulioiva hasa. Alichukua muda mrefu mezani, nasi tukajifunza kumngoja. Tone la limau au maji ya ukwaju yasiyo na sukari kabla ya kula yaliita mate, isipokuwa siku alizokuwa na vidonda. Maji alikunywa kidogokidogo, kikombe kikiwa karibu naye muda wote. Peremende za sukari hapana, kwa kisukari chake na kwa hao fangasi. Tambuu ndiyo ilikuwa vita. Alikuwa nayo tangu ujana, na meno yalipokwisha akawa anaitwanga kwenye kinu kidogo. Ni kweli tambuu huleta mate, lakini popoo inayofungwa ndani yake inasababisha saratani ya kinywa na hukakamaza mashavu. Tulikubaliana aache, naye akaacha tukiwepo.

Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nauogopa. Bibi alitaka kufunga, na isitoshe alikuwa akitema mate kutwa nzima akiamini kuyameza kunamfunguza. Shehe wa mtaani alikuja mwenyewe kumwambia kwamba mate yako mwenyewe hayafunguzi, na kwamba mzee asiyeweza kufunga hutoa fidia kwa kulisha masikini. La kwanza alilipokea kwa furaha, la pili akalipokea baada ya kusikia hatari yake. Mzee aliyeishiwa maji mwilini, mate yake husimama ndani ya tezi, na bakteria wa kinywani hupanda kupitia mfereji. Tezi ya mbele ya sikio huvimba ghafla upande mmoja, huwa moto na nyekundu, anapata homa, na ukibonyeza shavu unaweza kuona usaha ukitoka ndani. Wapo watakaosema ni matumbwitumbwi, mpakeni dawa mumwache. Kwa mzee huyo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na dawa zake zote mkononi.