Kitundu cha kifungo

Kijana yule alishuka kwenye bodaboda, akatembea mwenyewe hadi mapokezi. Kachomwa bisibisi. Kitundu kilikuwa kando ya chuchu ya kushoto, sawa na cha kifungo cha shati, na damu isingejaza kijiko. Nikabandika gozi, nikamwandikia eksirei, nikamgeukia majeruhi mwingine aliyekuwa akipiga kelele. Hapo ndipo nilipokosea.

Sista ndiye aliyeona. "Dokta, huyu mbona mishipa ya shingo imemtuna hivi?"

Presha 80 kwa 60, mikono ya baridi, moyo unasikika kwa mbali kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Mapafu yote mawili yalipitisha hewa vizuri. Ultrasaundi ikaonyesha utando mweusi kuuzunguka moyo: damu imejaa kwenye mfuko wake, moyo umebanwa, haupati nafasi ya kujaa. Akaenda thieta moja kwa moja. Eksirei ilibaki kwenye karatasi.

Basi nyinyi mnaoanza zamu za dharura, tazameni shingo kabla ya kushika kalamu. Mishipa imetuna, upande mmoja wa kifua hausikiki na ukiugonga unalia kama ngoma? Hiyo ni hewa iliyonaswa, inasukuma pafu na moyo. Mtoboe kwa sindano papo hapo, hewa itoke. Kwa mtu mzima, nafasi ya nne au ya tano ya mbavu, mbele kidogo ya katikati ya kwapa, kisha weka bomba. Ukigonga sauti ikawa nzito, ni damu. Bomba likitoa lita 1.5 papo hapo, mwite daktari wa upasuaji. Ila shingo nayo hudanganya: aliyevuja sana hana damu ya kutunisha mishipa.

Mvue nguo zote, mgeuze, inua mikono. Nimewahi kukuta tundu la pili kwapani, limefichwa na nywele. Kisu kilichoingia chini ya chuchu, hesabu na tumbo, maana mtu akitoa pumzi kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, hupanda hadi hapo. Kama bado kimo, usikichomoe.

Eksirei ya aliyelala chali huficha damu, kwa kuwa inatandaa mgongoni. Akiweza, mkalishe. Picha ikiwa safi bado haendi nyumbani. Irudie baada ya saa 3 hadi 6.

Kijana alirudi kutolewa nyuzi, mshono umemshuka kifua kizima. Akauliza, kitundu kile ndicho mlichonipasulia hivi? Sista alicheka kabla yangu.