Mawimbi Yanayorudi: Maswali Yenu

Nikisimama kwenye taa za barabarani, redio ya gari inakwaruza. Nikisogea kidogo tu inatulia. Kwa nini?

Antena yako inapokea wimbi lilelile zaidi ya mara moja: moja limetoka mnarani moja kwa moja, jingine limegonga ghorofa na kurudi. Hili la pili limezunguka, kwa hiyo limechelewa. Kilele cha moja kikiangukia bonde la jingine, yanafutana. Kituo cha megahezi 100 kina urefu wa wimbi wa mita 3, na mawimbi yakija uso kwa uso, kutoka mahali yanapofutana hadi yanapoongezeana ni robo ya urefu huo: sentimita 75. Gari likijongea kidogo, umetoka shimoni.

Yakifutana, nishati inakwenda wapi?

Hili ndilo swali nililolipenda zaidi. Haiendi popote nje ya hesabu. Mawimbi mawili yaliyo sawa yakipatana, kimo kinakuwa mara mbili. Na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa kimo, inakuwa mara 4 ya wimbi moja. Kando yake, yanapopingana, ni sifuri. Wastani wa 4 na 0 ni 2, yaani kile kile kilicholetwa na mawimbi mawili. Tupa mawe mawili kwenye maji yaliyotulia uone: miduara inapishana, kisha kila mmoja unaendelea na safari yake kama vile haukukutana na mwenzake. Ndiyo maana neno "kufutana" silipendi, ingawa nimelitumia sasa hivi.

Kebo yangu ni ya omu 50, antena ya omu 75. Nitaunguza transmita?

Hapana. Omu hapa hupima ukinzani ambao wimbi hukutana nao; ukibadilika njiani, sehemu ya wimbi hurudi kwenye transmita, yaani mtambo unaorusha mawimbi. Gawanya tofauti kwa jumla: 25 kwa 125 ni 0.2. Hiyo ndiyo sehemu ya volteji inayorudi. Mraba wake ni 0.04, basi nguvu inayorudi ni asilimia 4. Cha kuogopa ni waya uliokatika au kupiga shoti huko mwisho, maana hapo karibu nguvu yote inarudi.

Nani alionyesha haya kwenye mawimbi ya redio?

Mwanafizikia Heinrich Hertz, mjini Karlsruhe, Ujerumani, 1888. Aliweka bati la zinki liakisi mawimbi, akatembea na kitanzi cha waya chenye mwanya mdogo akitazama cheche. Mahali fulani cheche ilinawiri, pengine ikafifia. Kutoka sehemu moja ya kufifia hadi inayofuata ni nusu ya urefu wa wimbi.