Mke wangu amekataa unyenyekevu wa Mwana Kupona

Msomaji wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 41, anaeleza kwamba mkewe, waliyeishi naye miaka tisa, mwalimu wa shule ya msingi, amepoteza upole aliokuja nao nyumbani. Siku hizi humjibu, humhoji mambo ya fedha, na mara moja alimjibu mbele ya watoto. Ili kumrekebisha, mume huyu amekuwa akimtumia kwa simu kila alfajiri ubeti mmoja wa Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la mama anayemuusia bintiye: "Keti naye kwa adabu, usimtie ghadhabu, akinena simjibu, itahidi kunyamaa," yaani, mume akisema usimjibu, jitahidi kunyamaza. Mke sasa amenyamaza, hasemi ila la lazima, na msomaji anaomba nimchagulie beti nyingine zitakazomnyenyekeza kwa moyo.

Mwanangu,

Pole. Kulala nyumba moja na mtu asiyekusemesha ni mateso, nami sikudharau kwa hilo. Lakini barua yako nimeirudia, nikayatazama yale uliyoyapita mbio. Unasema mkeo alianza kukuhoji "baada ya jambo dogo la karo," na ni baadaye sana katika barua unapotaja kwamba pesa hizo ulimkopesha rafiki yako bila kumwambia mtu, hata watoto wakafukuzwa shule. Unasema ulipaza sauti "kidogo tu," kisha unalalamika kwamba majirani waliingilia mambo yako. Majirani hawabishi hodi usiku kwa ajili ya sauti ndogo. Na mama yako mzazi, uliyemtegemea akuunge mkono, unasema "naye amemfuata yeye." Mama hamwachi mwanawe akasimama na mkwe ila ameona jambo, na mimi ninasimama upande huo huo alioko mama yako. Mkeo hakukosa alipouliza karo ya watoto wake.

Sasa tuje kwenye huo utendi, kwa kuwa umeuchukua ubeti mmoja ukauacha uliobaki. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji wa kisiwa cha Pate, aliyepambana na Sultani wa Zanzibar. Alikuwa mgonjwa, maradhi yakiwa yametimiza mwaka, naye akamwita bintiye, Mwana Hashima, aje akae karibu na wino na karatasi, ili amwachie wosia atakaouvaa kama hirizi. Hayo ni maneno ya mama anayejua kwamba anaondoka, anampa mwanawe kinga ya kuingia nayo katika maisha ya ndoa. Mume aliyevunja amana ya watoto hana haki ya kuyachukua maneno hayo na kumrushia mkewe kabla hajanywa chai.

Tena tazama wosia unavyoanza. La kwanza ni dini, la pili ni adabu na ulimi wa thawabu, na la tatu ni ukweli: mtu awe mkweli, ashikamane na haki, na asiandamane njia moja na asiyeshika haki. Habari za mume zinakuja baada ya misingi hiyo. Humo humo binti anausiwa achangamke na watu, aseme maneno yasiyo na hila, asiwe mbishi, na neno likiwa la kuchukiza, ni heri alinyamazie. Anaonywa asibebe dhana kwa mambo asiyoyaona. Wewe umeniandikia kwamba walimu wenzake ndio wanaomharibu, wala hukuleta hata neno moja ulilolisikia kwa masikio yako. Mambo yote hayo, mwanangu, yanakuhusu wewe kabla hayajamhusu mkeo, na mkuki kwa nguruwe mtamu.

Sikufichi kwamba utendi ule ni mkali kwa mwanamke. Unamtaka apate radhi za Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume, na unasema kwamba siku ya kufufuliwa mume ataulizwa anavyotaka mkewe atendewe. Wako wanawake wa leo wanaousoma kwa uchungu, nami ninawaelewa. Lakini anayeamini kwamba amekabidhiwa neno zito kiasi hicho juu ya mwenzake anapaswa kutetemeka kuliko anayeamriwa kutii. Mwana Kupona mwenyewe anamsimulia bintiye kwamba aliishi na mumewe, baba wa binti huyo, kwa furaha na kicheko, wala hawakuvunjiana heshima siku zote walizokaa pamoja. Utulivu anaoufundisha aliuonja katika nyumba ambayo heshima ilitoka pande mbili. Naye mtunzi, mke wa mtawala, anajitaja kuwa ni mtu mgeni mwenye huzuni anayeomba msamaha wa dhambi zake, na sehemu ya mwisho ya utendi ni dua. Hakumnyenyekeza mtu kabla ya kujinyenyekeza yeye.

Ninaliona jambo hili katika barua nyingi ninazoletewa, za wanaume na za wanawake: mtu anakata kipande cha shairi, cha aya au cha mawaidha, anakituma kwa simu kwa mwenzake aliyelala upande wa pili wa kitanda, kisha anakiita nasaha. Wazee walipotaka kunasihi waliketi, wakasalimiana, wakaulizana hali, ndipo wakasema, na aliyekosa alikuwa na nafasi ya kujibu. Ndoa za sasa zina maneno mengi yanayotumwa na machache yanayozungumzwa. Unyamavu wa mkeo usiudhanie kuwa ndio upole ulioutaka, kwa sababu mwanamke aliyezoea kusema akafunga mdomo ghafla ameacha kukutarajia, na hapo ndipo mwanamume mwenye akili anapaswa kuogopa. Heshima si utumwa, wala kukiri kosa mbele ya mke hakukupunguzii kitu.

Acha kutuma ubeti huo kuanzia kesho. Nenda kwa mama yako kwanza, umsikilize bila kumkatiza, maana anajua zaidi ya ulivyoniandikia. Kisha mkae na mkeo watoto wakiwa wamelala, umwambie ni kiasi gani ulichokopesha, ulimpa nani na aliahidi kulipa lini, naye akikuuliza, mjibu kwa sauti isiyovuka ukuta. Kama rafiki yako hajarudisha, kalipe karo kutoka kwenye mshahara wako wa mwezi huu, na risiti umkabidhi mkeo mkononi.